Chama Kikipakwa Matope Kijibu Vipi?



Sisi tunaokaa huku Masinya, kati ya Busia na Tororo, tunasikiliza redio za nchi mbili. Kampeni ya Kenya ikianza tunaipata yote, na ya Uganda ikianza ndugu zetu wa ng'ambo wanaipata yote. Dereva wa lori, mpakizi wa forodhani, mtu wa boda boda na mama wa sokoni wote wanavusha maneno mpakani, na maneno hayatozwi ushuru. Kwa hiyo vyama vya siasa vinapochafuana kwa matangazo, jambo hilo linatuhusu, ingawa wako wenzetu wanaosema chama cha wafanyakazi kizungumze mishahara tu.

Mishahara nayo ilikatika Januari 2008. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, mafuta yakaadimika Uganda. Katika Kenya waliouawa walizidi 1,100. Hatusemi matangazo ndiyo yaliyoua. Ugomvi ulikuwa wa kura, na wa ardhi tangu zamani. Lakini kabla ya kura watu walikwisha kulishwa chuki kwa vijikaratasi na kwa ujumbe wa simu, na vyama havikujua kujibu.

Tazameni kisa kimoja cha kampeni hiyo. Tarehe 29 Agosti 2007 marehemu Raila Odinga wa ODM alitia sahihi mapatano na viongozi wa Waislamu wa NAMLEF. Mapatano yenyewe yalihusu haki za Waislamu kama raia, pamoja na malalamiko ya watu waliokamatwa na kupelekwa nchi za nje. Lakini hayakutangazwa. Ikatokea karatasi ya kughushi, ikidai ameahidi kuleta sheria za dini, na Wakristo wengi wakashtuka. Karatasi ya kweli ilitolewa hadharani Novemba, kura ikiwa mwezi mmoja tu mbele. Kama maneno yalikuwa mema, kwa nini yakae kabatini karibu miezi mitatu? Mzushi hakuhitaji akili nyingi. Alikuta kiti kitupu, akakalia.

Uganda nayo ina mfano wake, na huo ni mgumu zaidi. Katika kampeni ya urais ya 1996 upande wa Rais Museveni ulitangaza magazetini picha za mafuvu ya Luwero, ukiwaonya wananchi kwamba kura yao ingeweza kuyarudisha mauaji yale. Aliyelengwa ni marehemu Paul Ssemogerere wa DP, kwa sababu alikuwa ameungana na watu wa UPC, chama cha Obote. DP yenyewe ilikuwa upinzani wakati wa Obote. Hata hivyo tangazo kama hilo halijibiwi kwa kupiga kelele "uongo", maana mafuvu yalikuwa ya kweli na wafiwa walikuwa hai. Mtu anayetupiwa jambo hilo inambidi aende kwa wafiwa wenyewe, awaambie ameungana na nani, kwa masharti gani, na nini hakitarudi. Akishindwa kusema hayo mbele yao, basi tangazo limemuuliza swali la haki.

Hapo ndipo tunapoachana na wale wanaotaka kila tangazo la kumshambulia mgombea lipigwe marufuku. Mbunge akipitisha kodi ya unga, tuna haki ya kubandika kura yake ukutani, hata akilia kwamba anachafuliwa. Kabila lake, dini yake na mila za kwao ni jambo jingine. Kenya ilitunga sheria ya uwiano wa kitaifa mwaka 2008 ili kuadhibu uchochezi wa namna hiyo. Chama kikitukanwa kabila kipeleke mashtaka, kisha kirudi kwenye habari ya bei na kazi. Kikirudisha tusi kwa tusi, mwenye kiwanda anacheka, maana wafanyakazi wake wamegawanyika bila yeye kutoa senti.

Mwaka 2017 kukaja jambo jipya. Sinema fupi ya "The Real Raila" ilisambazwa kwenye intaneti, ikionyesha Kenya ya kubuni yenye njaa, maradhi na ugaidi. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International la London likaeleza kwamba kazi hiyo ilitoka kwa Harris Media, kampuni ya Texas, kwa ajili ya kampeni ya Rais Kenyatta. Watu wa Texas hawatakuwa hapa siku ya kuzika. Kinachoshambuliwa hivyo kisichoke kuuliza: nani amelipa?

Kunyamaza nako si heshima. Mwaka 1988 Michael Dukakis wa Marekani alikuwa mbele kwa pointi 17 katika kura za maoni za Julai. Akaamua kutojibu mashambulizi ya upande wa Bush. Novemba alishindwa vibaya, na baadaye mwenyewe alisema kutojibu kulikuwa kosa.

Sisi katika matawi yetu tunayajua haya. Katika kiwanda kimoja cha upande huu kijikaratasi kilibandikwa chooni usiku, kikisema mweka hazina wa tawi amekula ada. Mweka hazina hakuandika cha kwake. Kesho yake saa ya chakula aliitisha mkutano, akaleta kitabu cha hesabu na stakabadhi, wanachama wakajisomea. Wasiojua kusoma wakasomewa kwa Kisamia na Kiteso. Ilichukua nusu saa. (Tunaamini aliyebandika alikuwa palepale, anakula ugali wake.)

Vyama vya siasa vifanye vivyo hivyo. Jibu litoke kesho yake, liletwe na mtu anayejulikana mahali pale, akiwa na karatasi mkononi. Uzushi ulioenezwa kwa Kiteso sokoni Malaba haujibiwi kwa Kiingereza katika hoteli ya Nairobi au Kampala.

Kwa wanachama: mkiokota vijikaratasi vya kampeni visivyo na jina la aliyevipiga chapa, vileteni kwa mwakilishi wa tawi. Andikeni nyuma tarehe na mahali kilipookotwa. Mgombea anayetajwa atakapokuja getini kuomba kura, tutamkabidhi chake mbele ya watu, na tutasubiri hapohapo tusikie atasema nini.