Urafiki wa mtandaoni una bei yake

KATIKA soko la kazi za kujitegemea, bidhaa iliyoadimika si ujuzi. Wachora nembo, wafasiri, wapiga picha, watunza hesabu na watengeneza programu wamejaa Dar es Salaam na Nairobi, na kila mmoja yuko tayari kupunguza bei kuliko mwenzake. Kilichoadimika ni kuaminiwa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka nembo ya kubandika kwenye maboksi ya sabuni hafanyi utafiti mrefu. Anauliza kwenye kundi lake la WhatsApp kama kuna mtu anamjua mchoraji mzuri asiyesumbua. Jina linalotajwa na watu wawili ndilo linalopata kazi, hata kama mtaa wa pili yupo mchoraji hodari zaidi. Soko limekuwa hivyo tangu enzi za mafundi cherehani wa barazani. Kilichobadilika ni baraza lenyewe.

Hapo ndipo wanaojitegemea wengi wanapokosea hesabu, na wanakosea kwa namna mbili zinazopingana.

Kundi la kwanza ni la wale waliogeuza urafiki wote kuwa matangazo. Asubuhi picha ya nembo, mchana bei za ofa, jioni nembo ile ile tena. Wenzao hawagombi, wanalizima kundi tu ili simu isilie. Facebook yenyewe ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara. Tangu hapo mwenye ukurasa wa biashara asiyelipia tangazo amekuwa kama mchuuzi anayenadi bidhaa nje ya ukuta wa soko.

Kundi la pili ni la wale wanaopiga soga tu. Hawa wanastahili kuelewekwa, maana upweke wa kazi hizi ni jambo zito ambalo waajiriwa hawalijui. Fundi wa gereji ana wenzake wa kutaniana nao. Mfasiri anayefanya kazi chumbani Kimara hushinda na kompyuta na jenereta la jirani, na nyumbani bado wanamwuliza ataanza kazi lini. Kijiwe chake ni kundi la simu. Humo hupewa pole akifiwa, huchangiwa harusi, huonywa kuhusu mteja asiyelipa na hurushiwa kazi iliyomzidi mwenzake. Anayesema huo ni uvivu hajui kwamba taarifa moja ya mdaiwa sugu huweza kuokoa mapato ya mwezi mzima.

Lakini kijiwe nacho kina gharama. Chukulia mtu ambaye saa yake moja ya kazi ina thamani ya Sh 5,000. Soga ya saa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 18, yaani Sh 90,000. Ikiwa katika wiki hiyo hakupata hata mteja mmoja kwa njia ya kijiwe, amenunua faraja kwa Sh 90,000. Pengine ilistahili, ila ajue amelipa.

Wapo wanaodhani dawa ni kukimbilia masoko makubwa ya kimataifa kama Upwork, lililopata jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana. Huko hakuna rambirambi wala utani. Mwaka 2023 soko hilo liliweka ada ya asilimia 10 kwa kila malipo, kwa hiyo kazi ya dola 100 ilimwachia fundi dola 90 kabla ya gharama za kuzitoa. Mteja wa huko huona bei kwanza, na mashindano ya bei hayana rafiki.

Ugonjwa unaowamaliza zaidi wa nyumbani, hata hivyo, ni bei ya kishkaji. Rafiki wa kundini huomba nembo "ya haraka haraka tu", na aliyeombwa huona haya kutaja malipo. Akifanya bure mara tatu, kundi zima limeshajua bei yake. Wanaofanya vizuri hutaja bei kamili, kisha huandika punguzo waziwazi, na hupokea nusu ya malipo kwenye simu kabla ya kugusa kompyuta. Urafiki haujafa kwa sababu hiyo. Mara nyingi unaokufa ni ule wa deni lisilotajwa.

Tena kuna suala la pango, ambalo msomaji mwenye fremu ya duka atalielewa upesi. Mwenye biashara yote ndani ya mtandao wa mtu mwingine ni mpangaji asiye na mkataba. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita, kuanzia jioni hadi baada ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Mwaka 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini mwezi Mei, kisha Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa na majina na namba za wateja kwenye daftari waliweza angalau kupiga simu. Wengine walisubiri.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kumpa kazi mtu wa namna hii, au kumkopesha fedha za kununua kamera, idadi ya wafuasi ni kipimo hafifu kwa kuwa wafuasi hununuliwa. Aombe namba za wateja watatu waliorudi mara ya pili, na awapigie. Pia aulize daftari. Mwombaji akijibu kwamba kila kitu kimo ndani ya simu, mkopo huo usubiri.