Kilosa Haipo Mpaka Izame

Wadau, leo naomba niwachokoze wenzangu wa kalamu, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Majuzi nilikwenda Kilosa kwa mambo ya kifamilia. Mwandishi hana likizo, nikajikuta natembea kando ya Mto Mkondoa na mzee mmoja anayelima jirani na tuta. Akanionyesha ng'ombe wanapoteremkia kunywa maji, udongo ukimeguka kila siku. Nikarudi mjini na stori. Mhariri wangu akasoma kichwa cha habari, akauliza swali moja tu: "Wamekufa wangapi?"

Hajafa mtu. Stori ndiyo iliyokufa.

Simlaumu peke yake, swali hilo tumelelewa nalo sote. Hebu jiulize, wewe uliyeko Dar, Kilosa unaijua kwa lipi? Kwa mapigano ya wakulima na wafugaji kule Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, yaliyoua watu zaidi ya 30. Kwa mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, tuta lilipobomoka, maelfu wakakosa makazi na Reli ya Kati ikaharibiwa kati ya Kilosa na Gulwe. Labda na kwa mahandaki ya SGR, ambayo abiria walianza kuyapita mwaka 2024. Basi. Damu, maji na sherehe za uzinduzi.

Miaka ya katikati je? Watu wa Kilosa walikuwa wamelala?

Tuta halibomoki kwa usiku mmoja, jamani. Milima inavuliwa miti, mvua inashusha udongo, mchanga unajaa mtoni, maji yanapanda, mifugo inakanyaga kingo. Kila hatua hapo ni habari. Ni ndogo na haina maiti, lakini ndiyo pekee inayoweza kumwokoa mtu. Ile ya ukurasa wa mbele haiokoi, inahesabu tu.

Mtaniambia gazeti ni biashara na tuta haliuzi. Sawa. Sasa "Waziri ataka" na "Mkuu wa wilaya aagiza" zinauza? Na zile semina za hotelini, nani hununua gazeti kwa ajili yake? Tusidanganyane. Tunakwenda kunakotumwa gari na bahasha. Mwenzetu wa wilayani analipwa kwa stori iliyotoka, si iliyoandikwa, na nauli anajilipia mwenyewe. Akishajua kwamba habari ya tuta haitoki, mtoni atafuata nini? Atakaa kwenye benchi la ofisi ya mkubwa, asubiri kauli.

Ninachodai si kikubwa: ukurasa mmoja kwa wiki wa habari za miji kama Kilosa. Bei ya mchele, kisima kilichoharibika, tuta linalomeguka. Na mwandishi aliyezifuata alipwe nauli yake.

Wakati naondoka nilimwaga yule mzee. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, itatoka lini?" Nikamjibu, "Wiki hii, mzee." Nimemdanganya mtu mzima.

Lakini masika yakija na tuta likikatika, itatoka. Ukurasa wa kwanza, picha ya rangi, jina langu juu. Mhariri atauliza lile swali lake, na safari hiyo nitakuwa na jibu.

Nawasilisha.