Uzuri wa stesheni si marumaru

Wako watu ambao ukiwatajia uzuri wa stesheni ya gari la moshi watakuona una kasoro ya akili. Stesheni, watakwambia, ni mahali pa kupita. Mtu haendi pale kukaa wala kutazama, huenda kupanda gari akashika njia yake. Na ikiwa stesheni yenyewe iko chini ya ardhi, ambako jua halifiki wala upepo hauvumi, basi uzuri wa nini tena? Pachimbwe shimo, patiwe reli na taa, yatosha.

Mimi nasema haitoshi. Tena nasema mahali pa kupita ndipo panapostahiki uzuri kuliko mahali pa kukaa. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ataipamba akipenda. Lakini njia ni ya wote, na cha wote aghalabu hukosa wa kukionea uchungu.

Wenye kuzisifu reli za chini ya ardhi huanza na Moscow, na haki wanayo. Reli ile ilifunguliwa tarehe 15 Mei, 1935, na wakubwa walioamuru ijengwe walitaka kibarua atokaye kiwandani ashuke ndani ya kasri. Stesheni ya Mayakovskaya, iliyofunguliwa 1938 kwa ubunifu wa Alexey Dushkin, ina nguzo zilizovishwa chuma cha pua, na darini mna picha za vijiwe vya rangi alizozibuni mchoraji Alexander Deyneka, ndege na mbingu na watu, ambazo mtu hazioni mpaka ainue shingo. Ile ya Komsomolskaya ya mwaka 1952 ina dari ya manjano na thurea kubwa kubwa zinazoning'inia kama za ukumbi wa mfalme. Ni nzuri, sikatai.

Lakini kasri lina mwenye kasri, na aingiaye humo ni mgeni wake. Mwezi Novemba 1941, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yameukaribia mji, Stalin alihutubia mkutano ndani ya stesheni hiyo hiyo ya Mayakovskaya. Marumaru zile zilikuwa zikimwambia mja tangu mwanzo: tazama dola yako ilivyo kuu. Zilimwambia machache sana juu ya yeye mwenyewe, anakotoka na anakokwenda.

Uzuri niutakao mimi ni wa namna nyingine, na nimeukuta London. Nilikaa katika mji ule miezi michache mwaka 1997, kwa mafunzo ya kazi hii ya kalamu, na kila siku nilishuka chini ya ardhi asubuhi na jioni pamoja na maelfu ya waja wa Mungu wasiosemezana.

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ni ya mji huo. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari, 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, na magari yake yakavutwa na injini za makaa. Msomaji na akisie mwenyewe hali ya mapafu ya abiria. Mwaka 1890 ikaja reli ya umeme iendayo chini zaidi, na magari yake ya mwanzo yalitiwa vidirisha vyembamba tu, juu karibu na dari. Hoja ilikuwa kwamba huko chini hakuna cha kutazama. Watu wakayafananisha magari yale na vyumba vya kufungia wendawazimu. Basi hoja ya rafiki zangu wa leo, kwamba shimo halihitaji kupendeza, ilikwisha kujaribiwa zamani, na walioijaribu wakaiacha.

Baadaye akatokea Leslie Green, kijana aliyejenga stesheni nyingi zilizofunguliwa mwaka 1906 na 1907. Nje alizivika vigae vyekundu vilivyoiva kama damu ya ng'ombe, ili mtu azione kutoka mwisho wa barabara. Ndani, ukutani mwa jukwaa, akaipa kila stesheni mpango wake wa rangi, ili msafiri wa kila siku atambue amefika kwake hata kabla hajasoma jina. Alifariki 1908, umri wake miaka 33. Vigae vyake vingali vinang'aa.

Ama shauri la kusoma jina lilikuwa gumu. Kuta zilijaa matangazo ya biashara, na jina la stesheni lilipotea katikati yao kama sindano katika mchanga. Aliyelishughulikia ni Frank Pick, mtu aliyesomea sheria, ambaye kampuni ya reli ilimkabidhi kazi ya matangazo. Kuanzia 1908 majina yakawekwa juu ya utepe wa buluu uliopita kati ya duara jekundu. Kisha mwaka 1913 Pick akafanya jambo ambalo mpaka leo linanistaajabisha. Alipotaka herufi mpya za stesheni zake hakumwendea mhandisi wala mpiga chapa. Alimwendea mwandishi wa khati.

Jina lake Edward Johnston. Alizaliwa Uruguay mwaka 1872, akaanza kusomea udaktari Edinburgh, afya ikamkatalia. Akakimbilia kwenye maandishi ya kale yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la London, vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa mkono katika karne zilizopita, na kwa kuvitazama sana akajifundisha kukata ncha ya kalamu ya tete na ya unyoya, na kuishika kwa pembe ile ile waliyoishika watawa wa zamani. Tangu 1899 alifundisha kazi hiyo, na 1906 akatoa kitabu ambacho wenye fani hii wangali wanakisoma. Herufi za reli alizikamilisha 1916.

Ukizitazama utaziona nyepesi, hazina mikia wala madoido. O yake ni duara kamili. Herufi kubwa zimechukua kipimo cha zile walizochonga Warumi katika mawe. Lakini tazama juu ya i ndogo. Pale ambapo wapiga chapa wengine wameweka kitone cha mviringo, Johnston ameweka nukta ya pembe nne iliyosimama juu ya ncha yake.

Sisi tuliosoma chuoni twaijua nukta hiyo. Ndiyo inayotoka kalamu ya tete inapogusa karatasi na kuinuliwa: ncha imekatwa mshazari, kwa hivyo alama yake haiwi duara, huwa ya pembe nne. Kwa nukta hiyo tulitenga ba na ta na tha kabla hatujajua kuandika majina yetu. Na waandishi wakubwa wa khati, tangu zama za Ibn Muqla wa Baghdad aliyekufa mwaka 940, waliifanya kipimo cha kila herufi. Katika khati ya thuluthi alifu husimama kwa urefu wa nukta saba, na nyingine zote hufuata. Johnston aliipata nukta yake kwa watawa wa Kikristo, si kwetu, wala sitaki mtu aseme nimemsilimisha. Kalamu ndiyo moja. Aikataye vile na kuishika vile, popote alipo, itamtolea nukta ile ile.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kweli. Kazi ya mkono uliozoea kunakili maandiko matakatifu, iliyotakiwa iwe safi kwa sababu ya utukufu wa maneno yenyewe, imekwenda kuandika neno "njia ya kutokea" kwa ajili ya dobi, muuguzi wa zamu ya usiku, na mgeni aliyeshuka jana. Ametukuzwa nani hapo? Si mfalme wala dola. Ametukuzwa msomaji.

Ramani nayo ni ya ukoo huo. Harry Beck, mchoraji wa mitambo, aliichora mwaka 1931 katika wakati wake mwenyewe. Wakubwa wakaikataa kwanza, kisha wakaitoa 1933. Aliona kwamba mtu aliye chini ya ardhi hana haja na kona za barabara zilizo juu. Haja yake ni kujua stesheni gani inafuata gani, na abadili wapi. Akanyoosha njia zote, zikawa za kulala, za kusimama, na za mshazari, akaubakisha mto Thames tu ili mtu asipotee kabisa. Leo miji kadha wa kadha duniani imefuata mfano huo.

Magari yenyewe nitayapitia upesi, maana yanapendeza kwa mambo mawili tu. La kwanza ni vitambaa vya viti. Kwa miaka ya mwisho ya 1930 reli iliwapa kazi wabunifu hodari, Enid Marx akiwa mmoja wao, watunge mapambo ambayo hayataonyesha uchafu upesi wala hayatamchosha macho anayekaa mbele yake kila siku. Mwenye kujua leso atajua huo ni mtihani mgumu kiasi gani. La pili lanihusu mimi na wenzangu watungaji: tangu 1986, kwa fikira ya Judith Chernaik, nafasi fulani za matangazo ndani ya magari hubandikwa mashairi. Niliwaona watu wakiyasoma huku wameshika vyuma vya juu, midomo ikicheza. Sijui baraza gani la washairi lina wasikilizaji wengi hivyo.

Mtu ataniambia, haya ni mambo ya wenye fedha. Marumaru ya Moscow, naam, ni fedha. Lakini herufi huchorwa mara moja, na ramani ya Beck ilichorwa na mtu mmoja kwa wino na karatasi. Kilichogharimu ni fikira: mtu kuketi akajiuliza, ajaye hapa ni nani, na anatafuta nini?

Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja ya umma hapa pwani, jengo jipya lenye sakafu ya kuteleza kama kioo. Mlangoni palibandikwa karatasi tano, kila moja na herufi za namna yake, wino umekwisha kufifia, na mshale mmoja ukielekea ukutani. Mzee mmoja wa kanzu, msomi wa vitabu kuliko mimi, alikuwa amesimama mbele yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa wamemwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Sakafu ile iligharimu mamilioni, na hakuna aliyetoa nusu saa kumfikiria mzee yule.

Turudi kwa herufi. Mwaka 1979, zilipohitaji kutengenezwa ziweze kutumika katika mitambo mipya ya uchapaji, kazi hiyo aliipata Eiichi Kono, Mjapani, mtu ambaye kwao huandika kwa brashi. Alizidisha unene mahali na kurekebisha vipimo. Mwaka 2016, zilipotimiza miaka 100, zikatengenezwa tena, zikaongezwa alama ambazo watu wa simu za siku hizi hawawezi kuishi bila ya hizo. Na tarehe 24 Mei, 2022, mji ule ulipofungua njia yake mpya, iliyopewa jina la Malkia Elizabeth, herufi zilizowekwa katika stesheni zake ni hizo hizo. Wote waliozigusa waliiacha nukta kama alivyoiweka Johnston, juu ya ncha yake.