Anayemsimamisha Mvuvi Agharimie Kipimo cha Ziwa

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti. Sababu iliyotolewa ilieleweka hata kwa mtoto: samaki wamepungua, basi wapewe nafasi ya kuzaliana na kukua. Nchi nne zinazochangia ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana juu ya kulipumzisha. Hatuna ugomvi na uamuzi huo. Anayeishi kwa ziwa anajua kwamba shamba lisilopumzishwa huchoka, na ziwa ni shamba.

Lakini tunapenda tuseme jambo moja ambalo halikupewa nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya miezi ile. Kupumzisha ziwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulipima kabla, wakati na baada ya kulifunga, tena mwaka hata mwaka. Dagaa wa Tanganyika huishi kama mwaka mmoja hivi, na wingi wao hupanda na kushuka kwa sababu nyingi. Msimu mmoja wa mavuno mazuri hauthibitishi kwamba dawa imefanya kazi, na msimu mmoja mbaya hauthibitishi kwamba imeshindwa. Ni kipimo cha mfululizo tu kinachoweza kutuambia. Na kipimo cha mfululizo kinahitaji fedha za mfululizo, ambazo kwa maoni yetu zinapaswa kutoka kwenye hazina ya umma na kupitia vyuo vikuu vyetu.

Baadhi ya wasomaji watashangaa kuona seminari inaandika habari za bajeti ya utafiti wa samaki. Wengi wetu tumetoka parokia za mwambao, na wengine watatumwa huko. Uvuvi unaposimama, mwenye chombo si peke yake anayeguswa. Kuna vijana wanaovuta nyavu usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, kuna akina mama wanaoanika dagaa mchangani, wachuuzi, wabeba mizigo, mama lishe wa mwaloni, na mtoto wa shule ambaye dagaa ndiyo nyama yake. Watu hawa wameombwa sadaka kwa ajili ya wote. Anayeomba sadaka ya namna hiyo anadaiwa kitu: kuonyesha, kwa ushahidi unaokaguliwa, kwamba sadaka hiyo inafika inakokusudiwa.

Tena kuna jambo linaloumiza zaidi. Mara nyingi samaki wanapopungua, mshitakiwa wa kwanza na wa mwisho huwa mvuvi. Nyavu zake ni ndogo, taa zake ni nyingi, tamaa yake haina kikomo. Katika hayo yamo ya kweli. Lakini mwaka 2003 kundi la watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly lilichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyotazama upande mwingine kabisa. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa ya kutosha kwa samaki kuishi. Rutuba imelala huko chini. Inayoipandisha juu ni pepo za kusi, zinazovuma kuanzia Mei hadi Septemba na kuyakoroga maji, ndipo mimea midogo isiyoonekana kwa macho inapopata chakula, dagaa wakala, migebuka nao wakawala dagaa. Maji ya juu yanapopata joto zaidi huwa mepesi na kukaa kama mfuniko, kwa hiyo upepo hukoroga kidogo tu. Watafiti wale walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba kwa samaki upungufu ungeweza kufikia kama asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tabaka za matope ya chini ya ziwa, na wakaona kwamba samaki walianza kupungua sambamba na kupanda kwa joto, hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushamiri.

Hii haina maana kwamba mvuvi hana kosa. Ina maana kwamba hayuko peke yake kizimbani. Kama sehemu ya tatizo ni joto linalotokana na moshi wa viwanda vya mbali, basi kumfungia mvuvi wa Kigoma ziwa na kuishia hapo ni kumbebesha mzigo wa wengine pamoja na wake. Ni uzito kiasi gani ulio wake na kiasi gani wa wengine? Wanaoweza kujibu ni wale wanaopima joto la maji, upepo, rutuba na samaki kwa pamoja. Pasipo wao, hukumu hutolewa kwa mazoea.

Sasa tazama ni nani aliyelipia maarifa hayo. Sehemu kubwa ni vyuo na hazina za nchi nyingine. Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha kwa miaka kadhaa mafunzo ya utafiti pale Kigoma, wanafunzi wa Kiafrika na wa Kimarekani wakifanya kazi pamoja, kwa fedha za umma za Marekani. Tunawashukuru, na hatusemi hivyo kwa adabu tu. Lakini ratiba ya mradi wa mgeni hupangwa na mgeni, na fedha zikiisha boti hufungwa gatini.

Jambo hili si la Tanganyika peke yake. Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, lina mfano wake. Mwaka 1977 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuhesabu na kuchunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Sangara alikuwa amekwisha kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ila wakati ule hakuwa ametawala. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1980, sangara walifurika na furu wa aina nyingi wakatoweka mbele ya macho ya watafiti hao na wenzao wa Kitanzania. Dunia inajua kilichopotea kwa sababu moja: hesabu ilianza kabla ya msiba. Kama ingeanza baada yake, tungebaki na wazee wanaosema zamani kulikuwa na furu wa rangi nyingi, na vijana wanaodhani wazee wanatia chumvi. Vielelezo vingi vya furu hao viko makumbusho ya mjini Leiden. Vimetunzwa vizuri huko. Mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kuwaona samaki wa babu yake inampasa aombe viza.

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mwaka 2025 tumekumbushwa. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na miradi mingi katika nchi nyingi ikasimama ghafla. Hata ndani ya Marekani kwenyewe utafiti wa pwani haukusalimika. Nchi hiyo ina mpango uitwao Sea Grant, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1966. Leo una matawi 34 katika vyuo vikuu vya mwambao wa bahari na wa yale Maziwa Makuu ya kaskazini. Kila dola mbili za serikali kuu sharti zifuatwe na angalau dola moja kutoka jimbo, chuo au wadau wengine. Mwaka 2017 Ikulu ilipendekeza fedha zote za mpango huo zifutwe, Bunge likakataa. Mwaka 2025 tawi la jimbo la Maine liliambiwa ruzuku yake imekatishwa, watu wakapaza sauti, na suala likarudishwa mezani. Kinachotuvutia hapo ni kwamba mpango ulipata watetezi. Watu wa pwani walikuwa wanawafahamu maafisa wa chuo, kwa sababu maafisa hao walikuwa wakishuka gatini kuwasikiliza.

Kwetu hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar tangu mwaka 1978. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara visiwani mwaka 1989 kilitanguliwa na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa chuo hicho, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wa bei nzuri, ule wa kotonii, ulipoanza kufa kwa sababu ya maji ya ufukweni kupata joto, Dkt. Flower Msuya wa taasisi hiyo na wenzake walikwenda kwa akina mama hao kujaribu kuulima katika maji ya kina zaidi, na kuwafundisha kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza mwani mkavu tu. Hivyo ndivyo chuo kikuu kinavyofanana na jirani. Lakini hapo pia fedha za wafadhili, Wasweden wakiwamo, zimebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi.

Tunajua hoja ya upande wa pili, maana tumebishana nayo sisi wenyewe mezani. Zahanati haina dawa, shule haina madawati, nanyi mnataka fedha za kuhesabu samaki? Jibu letu ni kwamba uvuvi tayari unachangia hazina. Kuna leseni, kuna ushuru wa halmashauri, kuna mrabaha wa samaki wanaouzwa nje. Tunaomba sehemu inayojulikana ya fedha hizo irudi majini kama kipimo. Serikali za Afrika zilikubaliana tangu mwaka 2006 kulenga asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na bado hatujafika hapo.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi, nayo tunaikubali. Tafiti za vyuo zimejaa makabatini, zimeandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi aliyejibu maswali mia hakurudishiwa hata moja. Basi fedha za umma ziwe na sharti: matokeo yasomwe mwaloni, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama wa BMU na mwenyekiti wa kijiji, na yeyote aruhusiwe kubisha. Mvuvi ameangalia maji hayo kwa miaka thelathini. Mara nyingine atamsahihisha profesa.

Na kwa nini vyuo, wakati tuna TAFIRI? TAFIRI iendelee na iongezewe nguvu. Ila ni taasisi ya serikali, na serikali ndiyo inayofunga ziwa. Si vizuri anayetoa amri awe peke yake anayepima kama amri imefaa. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 42, alihimiza uwekezaji mkubwa zaidi katika utafiti wa mifumo ya viumbe, na mahali pengine katika waraka huohuo akataka watafiti wawe na uhuru mpana. Chuo kikuu chenye uhakika wa fedha kinaweza kusema lisilopendeza. Kinachosubiri hisani ya mwaka hadi mwaka hujifunza kunyamaza.

Bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi husomwa Dodoma karibu na mwezi wa Mei, msimu uleule kusi linapoanza kuvuma Tanganyika. Jumuiya ndogondogo za Kigoma, Rukwa na Katavi zina wabunge wao, na wabunge hao huonekana makanisani, hasa uchaguzi unapokaribia. Waulizwe kwa heshima: ni kifungu gani katika kitabu cha bajeti kinacholipia boti, mafuta na vijana wa chuo watakaopima ziwa mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata?