JINA LA GAVANA NI JINA LA KIJIJI

Ndugu wanachama, hapa Unyambwa kuna ugonjwa ambao zahanati haina dawa yake. Kijana hupewa jina na babu yake, akalibeba salama mpaka amalize shule, kisha akifika Singida mjini, mwendo mfupi tu, hulificha kama mtu afichaye kiraka. Mwulize jina la ukoo, atakwambia Johnson, au Wilson, au Jackson. Babu yake hakuwa John wala Will wala Jack. Twauliza: huyu ni mwana wa nani? Maana ile "son" ya Waingereza si pambo, ni "mwana". Johnson ni mwana wa John, basi, kama watu wa pwani wasemavyo bin fulani.

Hatugombani na ubatizo, wala na majina ya Kiislamu. Jina la imani ni la mtu na Mungu wake. Tunagombana na ile kasumba isemayo kwamba jina la Kiingereza lina damu ya kifalme ndani yake, na jina la Kinyaturu lina vumbi.

Hebu tulifungue jina moja tuone kilichomo. Tusichukue la mtu mdogo. Tumchukue Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1949 mpaka 1958. Wazee wetu walilijua jina hilo. Ni serikali yake iliyowafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili walowezi wapate malisho, hata Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kushtaki. Ni serikali yake iliyogawa viti vya wajumbe wasio wa serikali mwaka 1955: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu, kana kwamba mamilioni na maelfu ni hesabu moja.

Basi Twining maana yake nini? Huko Uingereza, katika jimbo la Gloucestershire, kiko kijiji kiitwacho Twyning. Kimekaa katikati ya mito miwili, Severn na Avon, na jina lake katika Kiingereza cha kale lilisema hivyo hivyo: kati ya mito. Mtu wa hapo akihama, wenyeji wa huko alikokwenda walimwita kwa jina la alikotoka. Ndiyo siri yote! Ni kama mtu wa kwetu ahamie Manyoni, wamwite Mnyambwa, na wajukuu wake wabaki na jina hilo.

Kijiji hicho kimo katika daftari la Mfalme William la mwaka 1086. William naye alikuwa mgeni, aliyevuka bahari mwaka 1066 akawashinda Waingereza kwa upanga, kisha akatuma makarani wake wakahesabu mashamba na plau ili ajue atawatoza nini. (Wazee wanaokumbuka kodi ya kichwa watawahurumia.) Siku zile Mwingereza wa kawaida hakuwa na jina la ukoo la kudumu. Majina hayo yalishika polepole, na kufikia miaka ya 1400 familia nyingi zilikuwa nayo. Waliyaokota kijijini, kazini, kwa baba, hata mwilini. Smith ni mhunzi.

Na magavana wengine waliotutawala? Byatt, wa kwanza, jina lake ni la mtu akaaye karibu na lango. Cameron ni jina la Waskoti, na kwa lugha yao ya kale ni pua iliyopinda. Turnbull, aliyempokea Twining, jina lake husimuliwa kuwa la mtu aliyemgeuza fahali mkali. Hapa Unyambwa vijana wa kumgeuza fahali hawahesabiki, na hakuna aliyepewa ugavana kwa kazi hiyo.

Akina Twining walikuwa watu wa kazi ya nguo kule Gloucestershire kabla ya kuhamia London. Thomas Twining, aliyezaliwa mwaka 1675, alinunua nyumba ya kahawa mtaa wa Strand mwaka 1706, akauza na chai, na jina likatajirika kwa jani lililotoka China. Katika ukoo huo wa chai ndimo alimotoka Gavana.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1958 Twining aliondoka, akafanywa Lodi. Cheo chake kiliandikwaje? Baron Twining wa Tanganyika na wa Godalming. Wa Tanganyika! Mtu aliyezaliwa London alichukua jina la nchi yetu, akalishona juu ya jina la kijiji cha wazee wake, akaingia nalo katika Baraza la Malodi. Hakuona haya. Tanganyika ikajitawala tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, naye akabaki na cheo chake mpaka alipokufa mwaka 1967. Gavana aliona fahari kuvaa jina letu. Kijana wa Unyambwa aona haya kuvaa la babu yake.

Liti, mama wa Kinyaturu aliyepigana na Wajerumani kwa nyuki, anakumbukwa kwa jina lipi? Liti. Hakuna amwitaye Missis fulani.

Wako wasemao kwamba jina la Kiingereza hufungua milango ya kazi. Kama iko ofisi ifunguayo mlango kwa jina, tuipigie kelele ofisi hiyo, tusimfute babu. Nanyi walimu wenzetu, acheni kumkata mtoto jina katika daftari la mahudhurio kwa kuwa ulimi wenu umeshindwa. Mghenyi ni Mghenyi, na Mswahili yeyote akilisikia atamsikia "mgeni" ndani yake. Ni gumu kuliko Twining?

Tawini kwetu tumekwisha anza. Daftari la wanachama lina nafasi tatu za jina, na ya tatu tumeitenga kwa jina la babu au bibi, kama linavyotamkwa nyumbani. Mwenye kadi iliyoandikwa vinginevyo aje Jumamosi baada ya gulio, pamoja na mzee mmoja wa nyumba yao. Mzee atatamka, katibu ataandika. Hakuna ada.