Ukiombwa Kuigiza Machungu Yako

MSOMAJI wangu wa Kiplombe, pengine wewe ni mmoja wa akina mama waliobishiwa hodi na vijana wa kikundi cha maigizo. Wanatayarisha mchezo kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na wamesikia kwamba wewe ulilala hemani pale Showground. “Mama, tusaidie,” wanasema. Wanataka upande jukwaani usimulie mwenyewe, mbele ya majirani. Usikubali siku hiyo hiyo. Wala usiwafukuze.

Vijana hao wana haki ya kuuliza. Aliyezaliwa siku kanisa la Kiambaa lilipotiwa moto na watu wakiwa ndani, Januari 1, 2008, sasa ana ndevu. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa kote nchini. Lakini hesabu hiyo haimwelezi mtoto ni kwa nini mama yake hushtuka mlango ukibishwa usiku.

Nakupa mfano wa Yolande Mukagasana, muuguzi wa Kigali ambaye mumewe na watoto wake watatu waliuawa mwaka 1994. Yeye aliponea kwa kufichwa na mwanamke Mhutu chini ya sinki la jikoni. Kikundi cha Groupov cha Ubelgiji kilipotunga mchezo wa “Rwanda 94”, ulioonyeshwa Liège mwaka 2000, mchezo ulianza naye: mwanamke ameketi kitini peke yake, anaeleza yaliyompata. Hakuwa mwigizaji. Mchezo mzima ulipita saa tano, na mwaka 2004 ulipelekwa Rwanda kwenyewe.

Lakini angalia jambo moja. Kabla ya kukikalia kile kiti, Mukagasana alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1997. Maneno yalikuwa yamepangika. Wewe je, umewahi kulisimulia jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho, hata kwa dada yako? Kama bado, jukwaa si mahali pa kuanzia. Mwigizaji wa kawaida hulia machozi ya kuazima, na pazia likifungwa huyarudisha. Yako ni yako. Maonyesho matano ni kufukuzwa nyumbani kwako mara tano.

Ziko njia nyingine. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walikaa na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakatia taabu zao wenyewe katika mchezo wa “Ngaahika Ndeenda”. Huyu alitoa habari ya mshahara, yule ya shamba, zikasukwa pamoja kama ukili hata mtazamaji asijue uchungu huu ni wa nani. (Serikali iliupiga marufuku baada ya majuma machache tu, ukweli wa wanyonge una kelele.) Hivyo ndivyo mimi ningependa mfanye. Au msimulizi aketi, mwingine amwigize, naye awe na ruhusa ya kusema “basi” na mchezo ukome hapo hapo. Kuna vikundi vya maigizo duniani vinavyofanya kazi namna hii tangu miaka ya sabini.

Pia kuna suala la majina. Eldoret si Liège. Aliyeshika kiberiti huenda mnakutana naye kisimani, na mtoto wake yumo darasa moja na wako. Waambie vijana mapema: jina lake lisitajwe, kabila lake lisichezewe kwa lafudhi ya kuchekesha. Wakikataa, wabaki na mchezo wao. Na akija mfadhili na kamera akitaka ulie tena kwa sababu mara ya kwanza sauti haikunaswa vizuri, chukua leso yako uende zako.

Ukikubali, dai mtu wa kukusindikiza nyumbani kila baada ya mazoezi, akae nawe mpaka chai iishe. Usingizi ukikupotea majuma mawili mfululizo, nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi uonane na washauri. Usingoje siku ya maonyesho. Na kitinda mimba wako asije akayasikia mara ya kwanza akiwa kwenye benchi la mbele. Mweleze nyumbani, hata kama itachukua jioni tatu.