Lugha Isiyo na Isnadi

Umezuka mtindo wa kuwafundisha vijana wetu lugha za kompyuta kwa amri moja. Kijana hufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, hubandika mstari aliopewa, hubonyeza, na baada ya dakika chache lugha nzima, pamoja na kompaila yake na maktaba zake, imekwisha tua katika mashine yake. Mwalimu hutabasamu: “Umeona ilivyo rahisi?” Mimi sina ugomvi na urahisi. Ugomvi wangu ni juu ya swali ambalo halikuulizwa: lugha ile imetoka kwa nani, na imepita mikono ya nani hadi kufika hapa?

Kwetu sisi wapenzi wa ushairi swali hili si geni. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zingalimfuata kaburini lau Mwalimu Sikujua asingalizikusanya na kuziandika, zikapita kwa W. E. Taylor, hata William Hichens akazitoa katika diwani mwaka 1940. Leo tukibishana juu ya neno moja katika ubeti, twabishana kwa sababu mikono hiyo inajulikana. Hiyo ndiyo isnadi. Utungo usio na isnadi twaweza kuufurahia, lakini hatuutolei ushahidi.

Nasema lugha ya kompyuta inahitaji isnadi kuliko hata shairi. Shairi likiharibika, limeharibika lenyewe. Kompaila ikiharibika, huharibu kila kinachoandikwa kwayo. Ken Thompson alilionyesha jambo hili mwaka 1984. Alieleza kwamba kompaila inaweza kutiwa hila ya kupenyeza mlango wa siri katika programu nyingine, na kujirithisha hila hiyo kila inapoundwa upya, hali msimbo unaosomwa na watu ni safi kabisa. Basi kuusoma msimbo peke yake hakutoshi. Lazima umjue aliyekukabidhi.

Hebu sasa tutazame njia zenyewe. Ipo njia ya bohari ya umma. Mfano wake ni Debian, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1993, ambao tangu toleo lake la mwaka 1999 umekuwa na msimamizi wa vifurushi aitwaye apt. Ukimwagiza apt akuletee Python, kwanza hupokea orodha kuu iliyotiwa saini kwa ufunguo wa Debian. Orodha hiyo hubeba alama za kihesabu za orodha nyingine, na hizo hubeba alama ya kila kifurushi. Herufi moja ikibadilishwa njiani, alama hazilingani, na apt hukataa. Zaidi ya hayo, kila kifurushi kina mlezi anayejulikana, daftari la mabadiliko yake, na msimbo wake u wazi kwa atakaye. Kiungo kwa kiungo, hadi chanzo.

Ipo njia ya pili: kuchukua faili la amri kutoka katika tovuti na kulimimina moja kwa moja ndani ya mashine, likatekelezwa kabla jicho la mtu halijalipitia. Hata lugha tukufu kama Rust hupendekeza njia hii katika tovuti yake. Ni kweli kwamba mawasiliano hayo husimbwa njiani. Lakini bahasha iliyofungwa haikwambii barua ina nini.

Na ipo njia ya tatu: bohari kubwa iliyo chini ya kampuni moja. Machi 2016, mwandishi mmoja aliyegombana na wenye bohari ya npm kuhusu jina la kifurushi aliondoa kazi zake zote. Miongoni mwazo mlikuwa na kijifurushi cha mistari 11 tu, left-pad. Mara Babel, chombo cha kutafsiri JavaScript ambacho watu duniani kote hukitegemea, kikashindwa kusimikwa, na kazi za watu zikakwama hadi kampuni ilipokirudisha kifurushi kile. Wengi wa waliokwama hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Walikuwa na amri. Isnadi hawakuwa nayo.

Watanijibu wapinzani kwamba bohari ya umma huleta lugha zilizochakaa. Wana haki yao. Debian 12 ilipotoka mwaka 2023 ilikuja na Rust 1.63, ya mwaka uliotangulia, ilhali wenyewe walikwisha fika 1.70. Lakini mwanafunzi anayejifunza kitanzi na masharti hapungukiwi na kitu kwa tofauti hiyo.

Watanijibu tena kwamba hata isnadi huvamiwa na waongo. Nakubali. Mtu aliyejiita Jia Tan alihudumia mradi wa xz kwa takriban miaka miwili, akaaminiwa, kisha mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Lakini tazameni ulivyofichuliwa. Andres Freund, akifanya majaribio yake katika Debian isiyotulia, aliona kuingia katika mashine kunachelewa kwa nusu sekunde, akaufuata uzi hadi mwanzo wake. Aliweza kuufuata kwa sababu daftari lilikuwa wazi. Na Debian iliyotulia, ile inayochekwa kwa uzee wake, haikuguswa. Mwenda pole hajikwai.

Enyi walimu wa vijana wetu, sisemi msifundishe amri. Fundisheni kwanza kuuliza. Kabla ya kubonyeza, mwanafunzi aweze kutaja bohari anayochukulia, ufunguo uliotia saini, na mahali msimbo ulipo. Anayetaka toleo jipya la jana alichukue, lakini ajue amekiacha kiungo gani nyuma. Tuliwafundisha kutokariri beti wasiyojua mtungaji wake. Mbona tunawaruhusu kuipa mashine yao lugha wasiyojua mletaji wake?